Samaki wa Ukutani

Fundi anaziba dirisha langu kwa silikoni, na harufu hii kali kama siki inanirudisha nyumbani Machakos. Baba alitoboa ukuta kati ya sebule na jikoni, akapachika tangi la kioo la samaki wa rangi, akaziba kingo zake kwa silikoni kama hii. Wageni waliwatazama wakiwa kwenye makochi. Mama ndiye aliyewabadilishia maji, na kiangazi kile maji yalitoka mtoni, kwa mgongo wake.

Siku moja alitua mtungi, akachukua birika lililokuwa likichemka, akalimimina lote ndani ya tangi. Samaki waliruka mara chache, kisha wakaelea.

"Baba yako akiuliza, sema ni wewe."

"Lakini mwaitu, si mimi!" nikamwambia mama.

"Wewe atakuchapa achoke. Mimi huwa hachoki."

Baba aliporudi kutoka kazini nilisema ni mimi. Akavua mshipi. Mama aliendelea kuchambua maharagwe, hakuinua macho.

Jumamosi baba alileta samaki wengine kwenye mfuko wa nailoni, akaniagiza kuanzia siku ile maji yao niyalete mimi. Mama alinifunga mtungi mgongoni, akaikaza kamba kwenye paji langu.