Kumi Niliyoiita Tisa

Msimu mzima wa mishale uligharimu shilingi laki moja na elfu ishirini, madumu mawili ya mafuta ya alizeti na kuku kumi na wanne. Nimehesabu mara mbili. Mara ya pili kuku walitoka kumi na watano, kwa sababu dada yangu alimkumbuka yule aliyetutoroka mpakani Namanga. Fedha zilikuwa za mkopo, na rehani ya mkopo ilikuwa mashine yetu ya kukamua alizeti.

Mashine yenyewe ilikuwa ya mkono, na mpini wake wa chuma ulikuwa mrefu kunishinda. Mimi na dada tuliinunua nusu kwa nusu, tukaiweka uani kwetu Utemini. Dada alikuwa na mikono na watoto wanne. Mimi nilikuwa na mdomo. Yeye alikamua, mimi nikauza. Ilikuwa miaka ya ruksa, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Foleni za sukari zilikuwa zimekwisha na kila mtu mjini Singida alikuwa amegeuka muuzaji, kazi ikawa kumpata mnunuzi.

Mmoja wa wanunuzi wangu alikuwa mwalimu wa michezo aliyestaafu. Alinunua mafuta vizuri sana, ila kwa mdomo. Wenzake waliokwenda kusoma nchi za baridi walirudi na redio na mafriji. Yeye alirudi na pinde mbili. Jioni moja nilimfuata kumdai, nikamkuta nyuma ya nyumba yake anapiga mishale.

"Shikamoo mwalimu. Nimefuata hela yangu."

"Marahaba. Hela sina leo. Hebu shika hii."

Ndivyo nilivyoingia kwenye mchezo wa kimataifa: nilifuata hela ya mafuta, nikapewa upinde.

Shabaha yake ilikuwa gunia lililoshindiliwa mabua ya mtama. Nyuma ya gunia kulikuwa na jiwe, yale mawe yetu makubwa kama nyumba. Mshale ukikosa gunia unagonga jiwe na kupinda, na mshale wa alumini ukishapinda ni wa kuanikia nguo. Nilimuuliza bei ya mshale mmoja, akaniambia. Nikaigeuza kichwani ikawa kuku wawili. Tangu hapo, kila nilipovuta upinde niliwaona kuku wawili wamekaa mbele ya lile jiwe wananitazama. Watu wamekuwa wakiniuliza siri ya kulenga. Siri ni hiyo. Mtu anayepiga mishale asiyojua bei yake atakosa tu.

Mwezi wa kwanza kamba ya upinde ilinichapa mkono hadi ukawa wa bluu. Jirani akaja kwa upole, akanivuta pembeni.

"Mwenzangu, nani kakupiga?"

"Kamba."

"Anakaa wapi huyo?"

Mwezi wa pili sikuwa nakosa gunia. Mwezi wa tatu mwalimu aliacha kuniambia "jaribu tena" akaanza kukuna kidevu. Akawaandikia wakubwa Dar es Salaam kwamba Singida kuna mpigaji, na kwamba mwaka huo kulikuwa na mashindano matatu kati yetu na nchi jirani: Nairobi, Arusha na Kampala. Jibu lilikuja kwa heshima kubwa. Ruhusa ipo, nauli hakuna. Kwa hiyo timu ya taifa ikawa mimi, mwalimu, na atakayetukopesha.

Aliyetukopesha alikuwa mzee mwenye duka pale njia panda ya Mkiwa, ambaye hakuwahi kutoa hata kiberiti bila rehani. Aliitazama mashine yetu kuanzia juu hadi chini kama mtu anayeposa.

"Alizeti ikivunwa, hujarudisha fedha yangu na riba yake, mashine ni yangu," akasema.

"Sawa, mzee. Na nikirudi na kombe?"

Alicheka hadi kofia ikakaa upande. "Kombe la mishale? Wewe, binti wa mafuta? Ukileta kombe nafuta riba, mashine unaichukua siku hiyo hiyo, na mkopo utanilipa kidogo kidogo kwa mafuta."

"Rudia mbele ya dada."

Akarudia mbele ya dada, bado anacheka. Dada hakucheka. Alifunga mashine kwa kamba juu ya mkokoteni, akaufuta mpini kwa kanga yake, kisha akanigeukia.

"Mdogo wangu, nina watoto wanne na nusu ya mashine. Ukirudi mikono mitupu, alizeti ya mwaka huu utaikamua kwa meno."

Tulikwenda Nairobi kwa basi, na kuku watatu wa zawadi kwa wenyeji, maana huwezi kutoka Singida ukaenda kwa watu bila kuku. Namanga, tukiwa bado tunajaza fomu na kueleza kwamba pinde si silaha, kuku mmoja alichomoka kwenye kikapu akakimbilia Kenya bila pasipoti. Ofisa alimtazama anavyovuka, akanitazama mimi.

"Huyo naye ni mchezaji?"

"Huyo ndiye kapteni, afande."

Akatugongea mihuri.

Sasa nieleze kosa langu la Nairobi, maana mwalimu alinifundisha kushika, kuvuta, kulenga na kuachia, akasahau jambo moja. Shabaha ina miduara. Katikati kabisa ni kumi, na kadiri unavyotoka nje ndivyo inavyoshuka. Mkishapiga, mnatembea pamoja hadi kwenye shabaha. Hapo mwenye mshale anataja thamani ya mshale wake, wengine wanatazama, wakikubali inaandikwa.

Anataja thamani yake, wengine wakikubali. Mimi nimezaliwa ndani ya maneno hayo. Nimelelewa sokoni, na bibi yangu wa Ulemo aliwahi kubishania bei ya chumvi akiwa na homa. Mshale wangu wa kwanza ulikuwa kwenye nane, nane nzuri isiyo na shaka. Nilitaka nane yangu, sikutaka cha mtu. Lakini nane haipatikani kwa kuanza na nane. Nikasema kwa sauti:

"Kumi!"

Nikasubiri mwenzangu aseme sita au saba, tuanze safari ya kukutana. Mwenzangu alikuwa mwanamke mrefu wa Nairobi, karani wa ofisi ya bima, mwenye kila kitu kilichopigwa pasi, hadi mfuko wa mishale.

"Madam," akasema, "hii iko kwa nane."

"Unasema nane ndiyo mwisho?"

"Mwisho wa nini?"

"Ongeza kidogo basi."

Akamwita mwamuzi. Akaja mzee mwembamba mwenye kioo cha kukuzia, akainama, akasema, "Nane."

"Tisa, mwamuzi, tufunge," nikamwambia. "Jua kali hili."

Walicheka wa shabaha ya jirani, wakacheka na wa shabaha ya pili yake. Mwamuzi hakucheka. Akanieleza polepole kwamba nikitaja tena zaidi ya kilichopo, nitatolewa, na habari zangu zitanitangulia Arusha na Kampala. Nilimaliza wa saba. Kwenye basi la kurudi mwalimu alikuwa amejifunika uso kwa gazeti.

"Pale hakuna bei," akasema chini ya gazeti. "Kuna kilichopo. Sema kilichopo."

"Mwalimu, kila mahali kuna bei."

"Basi sema bei ya mwisho mara ya kwanza!"

Hilo nililielewa. Labda nililielewa kupita kiasi. Arusha niliogopa hadi nikawa natoa punguzo kabla sijaombwa. Mshale ukikaa karibu na mstari, mimi naita ya chini. Tisa naita nane, nane naita saba, na wenzangu wananyamaza wanaandika. Nani anabisha punguzo? Nilishika nafasi ya nne, na mwalimu alipojumlisha mishale niliyoiuza kwa hasara aliona ya tatu ilikuwa yangu na chenji kidogo. Akanifundisha sheria kwa kidole, akiigonga kwenye goti lake: mshale ukigusa mstari, hata kwa ncha ya unyoya wa nzi, unachukua thamani ya juu.

Niliporudi nyumbani, alizeti ilikuwa imeinamisha vichwa. Dada alikuwa ameanza kukusanya magunia. Uani palikuwa na alama nne ardhini, pale miguu ya mashine iliposimama, na watoto walikuwa wakizitumia kuchezea gololi. Alinipa kuku wawili wa Kampala.

Kampala! Hata leo nikilitaja jina hilo miguu inataka kucheza. Sijui ni vile vilima, au ndizi, au kwamba sikuwa na kingine cha kupoteza zaidi ya kile nilichokwisha kukiweka rehani, lakini siku ile mishale yangu ilikuwa inatoka kwenye upinde ikiimba. Mita sabini, gunia. Mita sitini, gunia, na katikati ya gunia. Mwalimu alikuwa nyuma yangu anahesabu kwa sauti ya mtu anayesali. Watazamaji walikuwa wameambiwa kwamba yule mwenye mtandio wa kijani ndiye aliyetaka kununua tisa Nairobi, na kila nilipotembea kwenda kwenye shabaha walinipigia kelele: "Mama, punguza bei!" Nami nikawajibu kwamba leo ni bei moja, kama dukani kwa Mhindi. Walipenda sana.

Ilipofika mita thelathini, mishale mitatu ya mwisho, tulikuwa wawili tu tunaofukuzia kombe, mimi na karani wa bima, na alama zetu zilikuwa sawasawa. Akapiga yeye: tisa, tisa, nane. Nikapiga mimi. Wa kwanza tisa. Wa pili nane. Wa tatu niliuachia nikiwa nawaona kuku wawili, mashine, watoto wanne na gololi zao, wote wamekaa mbele ya jiwe.

Tukatembea. Hesabu ilikuwa rahisi, na niliifanya mara mbili njiani. Wa tatu ukiwa tisa, tunalingana, na kwa kulingana kombe ni lake, maana siku ile alikuwa na makumi mengi kuliko mimi. Ukiwa kumi, kombe langu kwa pointi moja.

Mshale ulikuwa umekaa pale pale kwenye mstari. Niliukazia macho. Niliona unagusa. Nikatazama tena nikaona haugusi. Mdomo wangu ulikuwa tayari umeumba herufi ya kwanza ya kumi, na hapo ndipo nilipojishtukia. Ninawafahamu watu ambao macho yao yana njaa. Nimewauzia vitu miaka yote. Siku ile njaa ilikuwa machoni mwangu mwenyewe.

"Tisa," nikasema.

Mwandishi wa alama akashusha kalamu.

"Ngoja," akasema karani wa bima. "Hiyo ni kumi."

"Ni tisa."

"Inagusa mstari. Kumi."

"Mshale ni wangu, nimesema tisa."

"Na mimi nimesema kumi. Uko na macho kweli?"

Naomba ieleweke nilivyokuwa. Sijawahi, katika maisha yangu yote ya kuuza, kukutana na mnunuzi anayepandisha bei dhidi yake mwenyewe. Nilimchunguza uso nikitafuta mtego uko wapi. Niliuchunguza hata mfuko wake wa mishale. Mtazamaji mmoja akapiga kelele, "Jamani, sasa wanabishana kinyumenyume!" na uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko, hata mwandishi, hata mwalimu ambaye machozi yalikuwa tayari yanamtoka kwa sababu nyingine.

Akaja mwamuzi, yule yule mwembamba wa Nairobi. Aliponiona alifumba macho kidogo. Kisha akainama na kioo chake, akakaa hapo muda wa kutosha kukaanga yai.

"Kumi," akasema.

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Naambiwa nilimbeba mwalimu. Naambiwa kuku mmoja wa zawadi alipita kwenye jukwaa wakati wa kukabidhi kombe na akapigiwa makofi. Ninachokumbuka ni karani wa bima akinishika bega, anacheka mpaka shati lake lililonyooka likapata mikunjo.

"Nairobi ulitaka kuniuzia nane kwa bei ya kumi," akasema. "Leo nakupa kumi yako mwenyewe, unang'ang'ania tisa. Hii ni biashara gani?"

Mzee wa Mkiwa alilipokea kombe kwa mikono miwili, akaligonga kwa ukucha, akaligeuza chini juu.

"Hii si fedha. Bati hili."

"Tulisema kombe, mzee. Hatukusema la nini."

Alinitazama, akamtazama dada, kofia ikaanza kwenda upande. Mashine ilirudi Utemini jioni hiyo hiyo, dada amekaa juu ya mkokoteni kama bibi harusi, na miguu ya chuma ya mashine ikaingia kwenye alama zake nne huku watoto wakilalamikia gololi. Mavuno yale tulikamua hadi mikono ikafanana na ya wapiga upinde. Mkopo niliumaliza kabla ya mvua. Hakuna mtu Mkiwa, Utemini wala Ulemo anayenidai hata senti.

Ananidai mmoja tu, Nairobi. Mwalimu anasema sidaiwi, pointi ilikuwa yangu tangu mshale ulipokita. Mwalimu hajawahi kuuza kitu. Yule karani wa bima angenyamaza tu, kama walivyonyamaza wale wa Arusha, na watoto wa dada wasingekuwa na ada. Nilimtumia dumu la mafuta kwa basi. Akanirudishia kilo tatu za majani ya chai na salamu kwamba nisihangaike. Nikatuma asali, akatuma blanketi. Kila nikilipa, deni linakua. Nimekopa kwa riba, nimekopa kwa rehani, nimekopa kwa mdomo, na yote nimejua kuyalipa. Hili la pointi moja sijui hata linapimwa kwa debe au kwa kilo. Wewe uliyefika hapa, huenda umewahi kudaiwa hivi na mtu anayekataa kulipwa. Nishauri: nimpelekee nini?