Kuku Aliyemeza Vidonge Vyangu

Mwaka ule nilikuwa na furaha ya kijinga, ile inayomfanya mtu mzima acheke peke yake huku anafuta ubao. Nafundisha baiolojia sekondari hapa Mbinga, na tangu Februari nilikuwa nameza kidonge kimoja cha njano kila asubuhi kabla ya chai. Asidi ya foliki. Sikuwa mjamzito. Nilikuwa najiandaa kuwa mjamzito, na hilo kwetu humwambii mtu. Mimba yenyewe haitangazwi mpaka tumbo lijitangaze, sasa ile ambayo bado haijaingia utaitangaza kwa nani? Tulijua watu wawili tu, mimi na mume wangu.

Nilikuwa na sababu. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi, chini kabisa, karibu na kiuno. Aliishi siku kumi na moja. Mama mkwe wangu alipanda kutoka Kihagara siku aliposikia, na ndiye aliyekuwa anamsafisha, kwa sababu mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Nilipokuwa natoka wodini nesi mmoja alinishika bega akaniambia, ukitaka mwingine, anza vidonge miezi mitatu kabla. Mgongo hufungwa mapema mno, mama mwenyewe hajajua kama amebeba.

Na mimi hilo nililijua! Nalifundisha kila mwaka! Mwaka ule nililifundisha kwa donge la unga wa chapati, maana furaha ilikuwa imeshanipanda kichwani. Nikalisukuma juu ya meza mbele ya darasa. Nikawaambia, wiki ya tatu ya maisha yenu mlikuwa hivi, bapa, hamna mbele wala nyuma ya maana. Halafu katikati panabonyea mfereji. Kingo mbili zinainuka, zinainamiana, zinakutana, zinashikana, mfereji unakuwa mrija. Zinaanza kushikana karibu na shingo, kisha kufunga kunakwenda pande zote mbili, juu kuelekea kichwani na chini kuelekea kiunoni, na kabla ya mwezi wa kwanza kuisha kazi imekwisha. Huo mrija ndio nyinyi. Upande wa juu unavimba unakuwa ubongo, unaobaki unakuwa ugwe mgongo, ile kamba ya neva inayopita ndani ya mifupa ya mgongo. Wanafunzi wakasogea karibu na meza. Kisha mmoja akauliza kama baada ya kipindi chapati italiwa. Ililiwa.

Likizo ya Juni tukateremka ziwani Kihagara kwa mama mkwe. Vidonge nilivificha kwenye pochi, ndani ya soksi, nikajiona mjanja. Siku ya pili soksi ipo, vidonge havipo. Nilipekua begi, kitanda, mpaka ndani ya gunia la muhogo. Nikamuuliza mama mkwe kama ameona kibahasha kidogo. Akasema, bila kuacha kuanua usipa wake, dagaa wa ziwani, kwenye kichanja, "Labda panya." Siku zangu zilikuwa zimechelewa kidogo, lakini nikazisingizia kona za barabarani. Tulikaa siku sita zaidi. Siku sita sikumeza kitu.

Julai kipimo kikaonyesha mistari miwili. Niliruka jikoni kama mtoto aliyeondolewa kuchunga mbuzi akapewa embe badala yake. Mume wangu akaruka pia, akagonga kichwa kwenye boriti, na tukacheka yeye akiwa ameshika paji la uso. Baada ya hapo nikafanya kosa la kuwa mwalimu: nikachukua kalenda nikahesabu kurudi nyuma. Siku sita zile zilianzia siku ya kumi na saba ya mtoto, zikaishia ya ishirini na mbili. Yaani mfereji wenyewe ulikuwa unachimbika, kingo zikiinuka. Nesi akanipa moyo kwamba miezi yote ile niliyomeza mwili ulikuwa umeweka akiba, nisijitese. Nilimwamini nusu. Nusu nyingine ilibaki na kalenda.

Basi Agosti, wakati wa mapumziko ya chai, simu ya mama mkwe ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, vile vidonge vyako vya njano ni vya nini hasa?"

Nikakaa chini kwenye ngazi za darasa.

"Vidonge gani, mama?"

"Mficha uchi hazai, ngoja niseme tu. Si panya, ni mimi. Nilivimwaga nyuma ya jiko. Nikasema huyu mkwe wangu anazuia uzazi, ameogopa, ataniacha nife bila mjukuu. Kuku mwekundu akavila vyote. Nikasema basi, na huyu hatataga tena, shauri yake. Nikawa namwangalia kila siku."

"Ikawaje?"

"Ametotoa kumi na wawili!"

Hasira ilikuja, nakiri, na ilikuwa na haki ya kuja. Lakini akilini nilimwona mama mkwe amekunja mikono nyuma ya jiko, wiki baada ya wiki, akimchunguza kuku kama mwanafunzi wangu wa maabara, na kuku naye anamjibu kwa mayai. Nilicheka mpaka mwalimu mwenzangu akatoka ofisini kuona nimepatwa na nini. Nilicheka mpaka nikalia, na nilipoanza kulia ndipo nikamwambia ukweli.

"Mama, vile ni vya kusaidia mgongo wa mtoto ufunge. Na siku ile ulipovimwaga alikuwa tayari yumo."

Nilisikia vifaranga upande wa pili.

"Nakuja," akasema, akakata.

Kesho yake jioni alishuka kwenye basi na tenga. Ndani mna kuku mwekundu na vifaranga wote kumi na wawili. Alisema hawezi kumwacha, huyo ni shahidi. Nikakanda unga, nikamwonyesha pale jikoni kama nilivyowaonyesha wanafunzi: bapa, mfereji, kingo, shingoni kwanza, kisha juu na chini. Alitazama bila kupepesa. Nilipomaliza akanyoosha mkono, akaibana ile ncha ya chini kwa vidole viwili, kwa nguvu, mpaka unga ukachomoza pembeni.

"Nimeharibu?" akauliza.

"Sijui, mama."

Hakurudi Kihagara. Alikaa kwetu wiki zote za kungoja kipimo, akinipikia majani ya maboga asubuhi na maharage jioni, na kila mgeni aliyeuliza habari za kuku alipewa hadithi nzima, isipokuwa ile sehemu iliyomtisha. Vifaranga waliota manyoya. Mimi nilikuwa nacheka mchana kutwa, nikishika tumbo, na nilikuwa naogopa, vyote kwa pamoja, na sikujua kwamba mtu anaweza.

Siku ya utrasaundi alikataa kubaki kwenye benchi. Alikuwa ametafuna usipa wa kukaanga foleni nzima, akaingia na karatasi yake mkononi. Daktari akanipaka jeli ya baridi, akasogeza kifaa, na kwenye kioo ikatokea mistari miwili ya nukta nyeupe, imeongozana. Mimi mwalimu wa baiolojia sikuona kitu, macho yalikuwa yamejaa maji. Mama mkwe ndiye aliyeona. Amepasua samaki wa mbasa maisha yake yote, na mfupa wa mgongo anaujua.

"Mama, usiguse kioo," daktari akasema.

Alishagusa. Aliweka kidole shingoni, akateremka taratibu, nukta kwa nukta, midomo ikihesabu. Karibu na kiuno akasimama. Mkono ulikuwa unatetemeka sasa, ule ambao haukutetemeka siku zote kumi na moja.

"Yule wetu ilikuwa hapa," akasema.

Daktari akakuza picha, akatazama, akatazama tena. "Hapa pamefunga, mama. Pamefunga vizuri."

Akamalizia njia iliyobaki mpaka mwisho wa mgongo, kisha akakaa chini sakafuni na kucheka, akipiga mapaja, akimwita kuku wake kwa sauti kubwa mle ndani ya hospitali. Daktari alitafuta kitambaa. Nikamwomba asifute kwanza. Kwenye kioo palikuwa na mstari mmoja wa mafuta ya usipa, kutoka shingoni mpaka chini kabisa, haujakatika popote.