Mawese Kwenye Shati Langu

Nikinusa mawese mabichi, hata huku Bukavu kwenye jiko la shule, narudi palepale kwenye kilima cha nyuma ya shule yetu kule Baraka, mwaka nilipokuwa na miaka kumi, wakoloni wakiwa bado hawajaondoka. Mwalimu wetu, mtu wa milima ya Fizi, alikuwa amesoma habari za Waamerika waliopigana wao kwa wao karne ya kumi na tisa, kaskazini na kusini, kwa sababu ya watumwa ambao kusini hawakutaka kuwaachia. Pigano moja la siku tatu liligeuza vita yote: siku ya mwisho watu wa kusini walivuka uwanja mtupu kuwaendea wenzao waliokuwa juu ya kilima, wakaangushwa mstari kwa mstari. Akaamua tuliigize kwa siku tatu kabla ya likizo kubwa, wazazi waje kutazama. Bunduki zilikuwa miti ya mihogo, na damu ilikuwa mawese.

Watoto wa Kibembe, watu wa milima kama yeye, akawapa kilima. Sisi watoto wa Kiislamu wa ufukweni mwa ziwa akatupa kusini, akisema babu zetu waliifanya biashara ile ya watumwa. Siku mbili nilikufa. Wilondja, niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, ndiye aliyenimwagia mawese kifuani, akicheka: "Wee muuzaji wa batu, lala chini. Leo hakuna soko." Wenzangu nao walicheka, kwao ulikuwa mchezo. Mimi niliumia kwa sababu nilijua jambo. Nyanya aliyenilea alitolewa Maniema akiwa msichana mdogo, amefungwa kamba na wengine, akanunuliwa na watu wa babu. Wazee waliojua walikuwa wamekufa. Siku moja nikimsugua mgongo niliona alama shingoni, akanieleza, kisha akanikataza kabisa kusema. Ufukweni walimjua kama mke wa babu, basi. Kwenye harusi alikaa mkeka wa mbele, wa waungwana, na kuanzisha nyimbo.

Siku ya tatu mwalimu alipotupanga tuvuke uwanja, mimi ambaye sauti yangu darasani haikufika dawati la pili, nilisema mbele ya wazazi wote: "Mwalimu, mi si wa huku. Nyanya yangu balimununua. Iko na alama ya kamba kwa shingo."

Mwalimu alifurahi, akanishika mkono, akanipandisha kilimani mwenyewe. Wilondja akanisogezea nafasi. Tukashinda. Nyanya alikuwa chini kati ya akina mama wa ufukweni, na nilipomtafuta kwa macho, alikuwa anavuta kitambaa kufunika shingo.

Harusi iliyofuata walimtandikia mkeka wa peke yake, kando ya mafiga. Hakuna aliyemtukana, walimpa vitunguu akate, tena kwa heshima. Aliporudi nyumbani nilingoja anipige. Aliniuliza tu, "Mujukuu wangu, kule juu balikupeleka, ulikuwa unaniona?" Nilichukua ndoo nikaenda ziwani kuteka maji.

Sasa nina miaka kumi na saba. Juzi darasani tuliulizwa habari za vita ileile, nami nikapata alama zote. Wilondja bado ananiandikia barua. Likizo iliyopita kulikuwa na harusi Baraka, na kwa kuwa nasoma Bukavu, wazee walinivuta mkeka wa mbele, upande wa wanaume. Nikakaa. Nyimbo alizianzisha mama mwingine, kwa sauti mbaya. Moshi wa mafiga, kule alikokaa Nyanya, ulipotufikia, ukinuka vitunguu na mawese, nilikuwa na sahani mapajani, nikala.