Majina Mawili kwa Ufito Mmoja

Kilichonitoa nyumbani Sigowet ni majivuno, na sioni haya kusema. Mji wa Kericho ulikuwa unatengeneza ukuta wa historia yake ndani ya ukumbi, na sisi wazee tuliambiwa kila mtu alete kitu kimoja na hadithi yake. Mimi shule sikuingia hata siku moja. Lakini chai niliyopanda kwa mikono hii imesomesha watoto saba. Nikachukua ufito wangu, ule tunaoulaza juu ya miti ya chai ili mchumaji achume tu majani yaliyoupita na shamba libaki sawa kama meza.

"Leo jina langu litakaa Kericho," nikamwambia mke wangu.

"Lako peke yako?"

"Kwani nilisaidiwa na nani?"

Akanipa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, nimpelekee Mama Akinyi wa Kapsoit.

Saa moja asubuhi nilipanda gari la maziwa, mbele na dereva, mitungi ikigongana nyuma. Huko Sosiot tulisimama kupakia mingine. Nikaona mtu anachuma majani matatu matatu badala ya mawili na chipukizi. Nikateremka kumkemea. Dereva akapiga honi.

"Mzee, hilo shamba ni lako?"

"Si langu. Lakini macho ni yangu."

Saa tatu, Kapsoit. Mama Akinyi ni mjane wa Odero, Mjaluo aliyetoka upande wa ziwa akiwa kijana, akawa nyapara katika shamba kubwa nilikoanzia kazi. Huyu mama anashona sare za shule, na Kikipsigis chake kinawashinda wajukuu wangu. Alipokea kibuyu, akauona ufito.

"Arap Koros, hiyo kitu bado iko! Si ndiyo Odero alikuwa anakuchapa nayo vidole?"

"Alinichapa mara moja."

"Mara moja kila siku." Akacheka, kisha akaushika ufito. "Nilipeleka jina lake kwa huo ukuta. Wakasema walioletwa na kazi watawekwa upande wa wageni, na hata huko, lazima mwenyeji amshuhudie. Binti yetu Akinyi amezaliwa hapa, amezaa hapa. Mtu anakuwa mgeni mpaka lini? Na mwenyeji aliyemjua Odero kazini, aliyebaki hai, ni wewe tu."

Nikaangalia ndani ya kikombe cha chai alichonimiminia. Kama ningemshuhudia Odero, hadithi yangu ya kujitengeneza mwenyewe ingebaki na nini? Nikamwambia nimechelewa, nikaondoka. Ndivyo nilivyofanya, sifichi.

Saa tano nilifika ukumbini. Mbao mbili kubwa zilisimama bega kwa bega, moja imeandikwa WENYEJI, nyingine WAGENI. Madam Chepkirui, mwalimu mstaafu aliyesimamia kazi hiyo, alinipa kadi na kalamu.

"Andika jina la mwenye ufito, mzee."

Nikaanza K, na mkono ukakataa. Hiyo K sikuipata darasani. Niliipata nikichuchumaa katikati ya mistari ya chai, mvua ikininyeshea, Odero akiichora kwenye udongo kwa ncha ya ufito huo huo. Alikuwa amechoka kuniona nikiweka kidole gumba kwenye karatasi za kupimia majani. "Mkono mzuri hivi," alisema, "uandike." Na ufito aliuchonga yeye. Miaka yote hiyo nimewaambia watu nilijifundisha.

Nikaomba kadi nyingine. Nikaandika ODERO. Chini yake, KOROS.

Nilipowasomea wenzangu kadi na kuwasimulia habari za Odero, na kwamba nimetoka kwa mjane wake Kapsoit, mzee mmoja wa Ainamoi akapiga kelele, "Boiyot, mzee mwenzangu, umenyweshwa nini huko Kapsoit?"

"Chai. Na ilikuwa na majani mengi kuliko ile unatupatia kwako!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikaulaza ufito juu ya mbao zote mbili, nusu huku, nusu huku, vile tunavyoulaza shambani.

"Niambieni niukate wapi," nikasema. "Na kama ni mambo ya wageni, tuanze na chai yenyewe. Haikuota hapa, ililetwa. Nani yuko tayari kuing'oa?"

Yule yule wa Ainamoi akasimama, kofia mkononi. "Basi muandike na yule mama Mkisii aliyezalisha mke wangu mara tano." Mwenye duka wa Kihindi akataja fundi Mkipsigis aliyeezeka duka la babu yake. Kila mtu sasa ana mtu wake. Madam Chepkirui alibandua WENYEJI, akabandua WAGENI, na kadi zikaisha kabla ya saa nane.

Saa kumi nilipita Kapsoit. Mama Akinyi alikuwa kwa cherehani.

"Jina lake liko juu," nikasema. "Langu linafuata."

Akashika gurudumu likasimama. Akafuta macho kwa kitambaa cha sare. "Na vidole? Uliwaambia alikuchapa?"

"Niliwaambia."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Basi huo ukuta bado una uongo!" Tukacheka mpaka jirani akachungulia.

Nilifika Sigowet mke wangu akikamua. Alinitazama usoni, akaendelea na ng'ombe wake. Na mimi nimejifunza hili uzeeni: nilidhani jina la mtu likiwekwa pamoja na langu, langu litapungua. Langu liko pale ukutani na herufi zake tano. Nilizihesabu kabla ya kuondoka.