Plasta ya Mdogo Wangu

Kila ninapomfunga mwanangu plasta kidoleni, harufu yake hunirudisha Madaba, kando ya barabara ya Njombe. Wazungu waliotoka mbugani kutazama tembo walikuwa wamesimamisha gari lenye nyumba ndani, ili injini ipoe baada ya kupanda ile milima ya njiani. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tunatoka kisimani, yeye mikono mitupu, mimi na ndoo kichwani.

Mdogo wangu akapiga magoti kwenye kokoto, kama tulivyofunzwa kuwaamkia wakubwa. "Shikamoo." Mama wa Kizungu akadhani ameanguka. Akambeba, akamwingiza ndani, mlango ukafungwa.

Roho iliniuma. Nikatua ndoo upesi, maji yakanimwagikia, nikapiga magoti mbele ya ule mlango mpaka kokoto zikanichubua kweli. Ulipofunguliwa, mdogo wangu alishuka na plasta kwenye goti lisilo hata na mkwaruzo, midomo inang'aa siagi. Yule mama akanipungia mkono, gari likaondoka.

"Ndani kukoje?" nilimuuliza njiani.

"Kuna kitanda, kuna jiko," alisema. "Na dirisha. Nilikuona, dada. Ulikuwa mdogo kweli."