Kimea cha Mai Chirandu

Harufu ndiyo iliyoanzisha maneno. Mai Gumbo alikwenda kwa Mai Chirandu kuomba chumvi, akarudi bila chumvi, akatuambia jikoni mle mna kitu kimefunikwa kwa magunia mabichi.

"Ni ulezi umelowekwa," alisema. "Pua yangu haijawahi kunidanganya."

Hapa Buhera kila mtu anajua ulezi uliochipua unaelekea wapi. Ukiwa kidogo, ni togwa. Ukijaa magunia, ni pombe, na mwanamke wa umoja wetu wa kanisa akipika pombe huvuliwa blauzi nyekundu, sare tunayoivaa na kofia nyeupe. Mai Chirandu alikuwa ameivaa miaka ishirini. Alikuwa mjane, amelea wanawe kwa jembe. Mvua zilipokataa na vijana wakaishilia Johannesburg, yeye ndiye aliyetupandisha mlimani kufunga na kumwomba Mungu aifufue nchi. Wengine walisema ni mtakatifu. Wengine, nami nikiwamo, tulijiuliza kwa nini hubaki kule juu sisi tukishashuka.

Alhamisi, kabla ya ibada, mwenyekiti wetu Mai Mukaro alituchukua mimi na Mai Gumbo tukamwendea bila taarifa. Tulimkuta amekwisha kuvaa blauzi yake. Mai Mukaro alikataa kiti, akaenda moja kwa moja kufunua gunia. Chipukizi nyeupe zilikuwa zimeshikana kama nywele.

"Togwa hii, mama? Ya harusi ya nani?"

Kabla hajajibu aliingia Tafireyi, mdogo wa marehemu mumewe.

"Shemeji, kimea kimefika wapi? Kaka amelala porini mwaka mzima, anataka kurudi nyumbani." Akatuona. "Loo! Kumbe leo polisi wamevaa kofia nyeupe."

Basi tukaelewa. Ukoo ulitaka kuirudisha roho ya marehemu, na pombe ya shughuli hiyo hupikwa na mwanamke aliyekwisha kukoma kuzaa. Katika boma lile alikuwa yeye tu.

Mai Mukaro alishusha sauti. "Sema hukujua ni ya nini, nasi twende zetu."

"Nilijua," alisema Mai Chirandu. "Mwanangu Munashe, huko Johannesburg, hajapiga simu tangu Pasaka. Ukoo ukaniambia baba yake ndiye aliyemfungia njia, kwa sababu hajarudishwa nyumbani. Nikaogopa, nikaloweka. Tangu siku ile naomba nguvu ya kumwaga, sijaipata."

"Na jana ulituongoza kuomba!" Mai Gumbo alidakia.

"Niliongoza."

Akafungua vifungo, akabaki na gauni lake la ndani lililopauka, akamkabidhi mwenyekiti blauzi. Kisha akaliburuta gunia hadi uani, akalikung'uta. Kuku walikuja mbio.

"Unawalisha kuku kaka yangu!" Tafireyi alipiga kelele.

"Kaka yako yuko kwa Mungu. Huu ni ulezi."

"Haya. Mwanao akipotea, usije kunililia."

Aliinama kulikunja gunia tupu, likamponyoka.

Njiani Mai Gumbo alisema gunia moja si ushahidi, huenda mengine yako chini ya kitanda. Sikumbishia.

Alhamisi iliyofuata Mai Chirandu alikuja na gauni la kawaida, akaketi mkekani pamoja na wanaosubiri kupokewa katika umoja. Munashe alikuwa bado hajapiga simu. Mai Mukaro alimfuata na ile blauzi, imefuliwa na kupigwa pasi.

"Vaa, mama. Tulikuona ukimwaga."

"Bado."

"Bado nini tena?"

"Ulezi nimeumwaga. Woga ninao. Jana nimeuangalia mfuko wa mbegu za ulezi mara nyingi."

Minong'ono ikapita kwenye mabenchi. "Anayekataa blauzi ana lingine jikoni," Mai Gumbo aliniambia sikioni. "Mtu safi angeivaa."

Nami niliwaza hivyo. Kisha nikawaza kwamba mtu mwenye la kuficha angeivaa upesi kuliko wote, na tangu hapo sikuwa tena na hakika ya lolote.

Mai Mukaro alisimama na blauzi mkononi, hajui aiweke wapi. Mwishowe aliikunja, akaketi nayo kwenye mkeka.

"Basi tuombee hivyo hivyo ulivyo," alisema.

Mai Chirandu alipiga magoti. Hakuitaja nchi wala mvua. Aliomba aondolewe woga, akataja jina la Munashe, akaanza upya. Wanawake wawili nyuma walikuwa wanalia. Mai Gumbo alikuwa amefumba jicho moja tu. Nilimwona, kwa sababu na mimi langu moja lilikuwa wazi.