Mahudhurio ya Mwezi wa Mabata

Harriet Shashaweskum hakumwamini mtu mwenye daftari, na asilaumiwe. Kijijini kwetu Wakrii, wenyeji wa kaskazini mwa Kanada, kando ya Ghuba ya James, walishakuja watatu: wakauliza maswali, wakawatoa watu damu, wakabeba karatasi zetu, wakapanda ndege. Kimya mpaka leo. Wa nne, Mireille wa Montreal, alipotua mwezi Mei, Harriet alimpa chai, ila kwenye kikombe cha wageni wasiokaa.

Huyu alitumwa na ofisi ya afya kupima kama kikundi cha matembezi cha wenye kisukari kiendelee au kifungwe. Kikundi ni cha Harriet. Yeye mwenyewe kisukari kilimtesa hadi alipoanza kutembea. Mireille akafunua kitabu cha mahudhurio. Machi kimejaa, Aprili kimejaa, Mei cheupe pe.

"Naona watu wameacha kutembea," akasema.

"Umewaona, au umeona karatasi?"

Mei ni mwezi wa mabata bukini. Shule hufungwa, maduka hufungwa, watu huhamia kambi za porini kuwinda. Mkrii anayebaki kijijini ama anaumwa ama amegombana na mashemeji. Nani akasaini kitabu ukumbini na mabata wanapita juu? Harriet angeweza kueleza, lakini hata wale watatu walielezwa. Akamtupia buti za mpira.

"Vaa, binti. Maswali ya kutembea hayajibiwi kwa kukaa."

Wakakata kinamasi saa mbili nzima. Kwa kinamasi Mkrii hana mpinzani duniani, bisha ukitaka. Mireille alianguka mara mbili. Harriet hakugeuka, ila mabega yalimcheka.

Kambini kikundi kizima kilikuwepo. Mzee Sinclair, ambaye zahanati ilishamkatia tamaa, alikuwa akirudi na mabata sita mgongoni.

"Harriet, huyu umemwokota wapi?" akauliza. "Mpe bata anyonyoe, apate faida."

Mireille akanyonyoa, akaandika, vidole vyote mafuta. Alipofunga daftari, Harriet alinyoosha mkono.

"Nisomee. Na kitabu chetu kinabaki hapa, wewe chukua nakala."

"Ofisi inataka chenyewe."

"Na wale watatu walitaka chenyewe."

Mireille akafungua tena daftari, akasoma yote, hadi mahali alipoandika kwamba ameanguka. Kitabu akakiacha.

Barua ilifika Oktoba: kikundi kiendelee, na Mei isipimwe kwa kitabu cha ukumbini. Harriet aliisoma mara tatu, akampelekea Sinclair.

"Sioni mtego humu," mzee akasema.

"Hata mimi sijauona. Soma tena."